Mama Furaha Chini ya Viti

Ninyi vijana mnaovaa siku hizi zile fulana za njano na kusimama milangoni kwenye kumbi za muziki, hebu kaeni kidogo. Najua mna haraka. Najua pia mtanisikiliza kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, nami nimekwisha kuzoea. Magoti yamenitoa kazini kabla uzee haujanitoa, kwa hiyo muda ninao. Nataka kuwaeleza habari ya Jumamosi moja ambayo ngazi za viti zilianza kufungwa huku Mama Furaha akiwa ndani yake, na namna sisi wenyewe, watu tuliompenda, tulivyosema kwamba ametoka.

Shule niliiacha mapema, huko Uvira. Maneno yangu yakienda huku na huku, yafuateni tu, yatafika.

Ukumbi wetu ulikuwa mashariki ya London, mwendo wa basi moja kutoka Walthamstow. Ukiuona kwa nje ungedhani ni ghala la vitunguu. Ndani kulikuwa na barafu, uwanja mzima wa barafu, mweupe mpaka macho yanauma. Mchana watu wanakimbizana juu yake na vijiti, mchezo wa hoki, wanagongana kama ng'ombe dume. Jioni ya siku hiyohiyo watu wengine wanacheza muziki palepale. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa katikati hapo: kuugeuza uwanja kuwa ukumbi wa konsati, halafu kuurudisha kuwa uwanja.

Watu wengi hudhani tulikuwa tunaiyeyusha barafu. Hapana, bwana. Barafu haiendi popote. Unaifunika. Kuna mbao nzito zenye povu katikati kama godoro, zinabebwa na watu wawili wawili, zinapangwa kwa kupishana kama matofali. Unaanzia upande ulio mbali na mlango? Umekosea. Unaanzia mlangoni, ili kila unapokwenda uwe unakanyaga mbao zako mwenyewe na siyo barafu. Mimi siku ya kwanza nilianzia kule mwisho, kwa bidii, nikajikuta nimesimama juu ya ubao mmoja katikati ya weupe kama mtu aliyeachwa kisiwani, na wenzangu wote wako mlangoni wananipigia makofi.

Na ubao hautupwi. Unaulaza, polepole, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia begani. Ukiutupa unaipasua barafu, na barafu ikipasuka anapanda Bwana Hasmukh.

Bwana Hasmukh alikuwa mtu wa chumba cha mashine, chini kabisa. Mhindi wa Kisumu, baba yake alikuwa na duka la vyuma kule, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kisumu hasa. Yeye ndiye aliyezilinda zile pampu zinazosukuma ubaridi kwenye mabomba chini ya barafu. Ndani ya mashine zake kulikuwa na amonia, na mara ya kwanza aliponishusha kule alinisimamisha kabla sijagusa kitu.

"Kijana, sikiza. Hii hewa ukinusa kidogo, unalia. Ukinusa nyingi, hapana lia tena. Umeelewa?"

"Ndiyo, Bwana Hasmukh."

"Sasa niambie. Mlango iko wapi?"

Nikageuka kuutafuta, na tulikuwa tumeingia sasa hivi tu! Akanipiga kofi dogo la kisogoni. Kisha akanifundisha jambo ambalo nawapa ninyi bure: ukiingia chumba chochote cha kazi, kabla hujasalimia mtu, angalia vitu viwili. Utatokea wapi, na mashine inazimwa wapi. Akasema mashine kubwa haina masikio. Ukipiga kelele unalisumbua koo lako tu. Inasikia umeme.

Nilikuwa muoga sana siku zile, lazima niseme, ingawa nilikuwa kijana wa kuchekacheka, na nilikuwa na ndoto zangu. Niliota kwamba siku moja nitaiendesha ile mashine inayolainisha barafu, ambayo sisi tuliiita Ng'ombe kwa sababu inalamba. Nikiwa nafagia ngazi nilikuwa nageuza fagio kama usukani. Lakini chini ya kicheko kulikuwa na hofu inayolala na kuamka na mimi. Mechi ya kwanza niliyoiona, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu kilipigwa kikagonga ubao wa ukingoni. Pwaa! Sikufikiri. Nilipopata akili nilikuwa chini ya viti, uso sakafuni, fagio mkononi. Na pembeni yangu alikuwa amelala mtu mwingine.

"Yaya Bahati?"

"Nyamaza. Lala."

Yaya kwetu ni kaka mkubwa, na Yaya Bahati alikuwa mkubwa wetu kazini, mtu wa Bukavu, kifua kama mlango. Alijua Kiingereza kutupita wote. Yeye na mimi tulikimbia vita vilevile kwa njia tofauti, na masikio yetu yalikuwa bado hayajafika London. Tukalala pale wawili, kisahani kikagonga tena, pwaa, tukafumba macho tena. Ndipo kichwa kikainama kutuchungulia, kimefungwa kitenge cha rangi ya machungwa.

"Ninyi wanaume wawili, munatafuta nini huko? Mumeangusha sindano? Tokeni inje! Ni mchezo wa watoto wakubwa ule."

Huyo ndiye Mama Furaha. Mtu wa Uvira kama mimi, mfagiaji kama mimi, lakini umri wake ulikuwa wa mama yangu. Aliishi Walthamstow, nyuma ya soko, na akitembea katikati ya zile meza za soko wauza ndizi walikuwa wanaficha zile zilizopondeka kabla hajafika. Hakutucheka mbele ya wengine. Alitupa chai kwenye kifuniko cha chupa yake, tukanywa kwa zamu, kisha tukarudi kazini.

Sasa niwaeleze hizo ngazi za viti, maana hapo ndipo penyewe. Kila upande mrefu wa ukumbi zilikuwepo ngazi zinazovutwa kama droo za kabati. Siku ya hoki unavuta droo zote, safu juu ya safu, watu wanakaa. Siku ya konsati mnahitaji nafasi ya watu kusimama, basi mnazisukuma zirudi, kila safu inaingia chini ya ile ya juu yake, mpaka zote zinakuwa ukuta mmoja wa chuma umebanana. Zikiwa wazi, chini yake kuna nyumba nzima: giza, miguu ya vyuma, vyuma vya mshazari, magurudumu madogo. Watazamaji wanaangusha humo vikombe, chipsi, glavu za watoto. Kopo moja likiingia kwenye gurudumu, ngazi nzima inakwenda upande. Kwa hiyo kabla ya kufunga, mtu lazima aingie akafagie. Kuna mlango mdogo pembeni, unaingia umeinama, na unatoka umeinama.

Nilipoanza, tulizisukuma kwa mabega. Watu wote, kila mmoja na nguzo yake, na Mama Furaha anatuanzishia wimbo wa kanisani ili tusukume pamoja. Na aliyekuwa bado chini ya viti alikuwa anaimba huko huko chini akifagia. Hakuna aliyeweka sheria hiyo. Ilikuwa hivyo tu. Sauti ikitokea chini, hatusukumi. Tunangoja mpaka ije nje na mwenyewe.

Halafu ikaja mota. Kila mtu alifurahi, mimi wa kwanza, mabega yangu yalikuwa yameota sugu. Msimamizi wetu Terry, Mwingereza mwembamba mwenye haraka ya kudumu, akawa anavaa shingoni kisanduku chenye ufunguo. Anageuza, king'ora kinalia tii, tii, tii, na ngazi zinajirudisha zenyewe. Wimbo ukaisha. Hatukukatazwa. Lakini nani ataimba akimtazama mtu mmoja anageuza ufunguo?

Badala ya wimbo, likaja swali. Terry alikuwa anauliza kabla ya kugeuza: "Wote nje?" Na Yaya Bahati anajibu kwa sauti ya kifua chake: "Wote nje, bosi."

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana hapa hamtatuelewa msipojua tulivyokuwa. Wengi wetu tulikuwa bado tunangoja kuambiwa kama tutabaki nchi hii au tutarudishwa. Tuliogopa kila kitu chenye kufanana na kosa. Terry hakuwa mtu mbaya, ila akikukosa mahali pako alikuwa hasemi kitu, anakutazama tu, na wiki inayofuata jina lako halipo kwenye shifti. Kwa hiyo tulikuwa na desturi. Mwenzio hayupo, unamjibia. Yuko msalani, unamjibia. Ameingia pembeni kusali, unamjibia. Mimi siku moja nilisinzia kwenye treni nikapitiliza mpaka Brixton, mwisho wa reli. Niliporudi mbio nikihema, nikakuta kumbe nilikwisha kufika zamani na nilikuwa nafanya kazi vizuri sana! Yaya Bahati alikuwa amenijibia. Nilimbusu mkono. Kwetu huo ulikuwa upendo, na mpaka leo nasema ulikuwa upendo.

Mama Furaha tulimjibia kuliko wote. Kila Jumamosi baada ya kufagia chini ya viti alikuwa anakwenda kwenye simu za ukumbini, kule mbele kwenye mlango wa watazamaji, na kadi yake ya kukwangua, kumpigia dada yake aliyebaki nyumbani. Saa ile ndiyo dada yake alikuwa anafika kwa jirani mwenye simu. Hakuna aliyetaka kumnyima saa hiyo.

Jambo moja zaidi, la kijinga, halafu tunaingia. Kwenye ukuta, karibu na kila mlango mdogo wa kuingia chini ya viti, palikuwa na swichi kubwa yenye mkono mwekundu. Mimi niliona ni kigingi kizuri cha koti. Nikatundika. Koti lilikuwa zito, limelowa mvua, mkono ukashuka, ngazi zikakwama katikati ya safari. Terry alizunguka ukumbi mzima akitafuta ubovu, akafungua mota, akapaka grisi, mpaka alipoliona koti langu limening'inia. Matusi aliyoyatoa sitayarudia, kwanza mengine sikuyaelewa. Bwana Hasmukh alipanda kutoka chini makusudi kuja kunicheka. Tangu hapo Terry akawa ananiita Koti.

Haya. Jumamosi yenyewe.

Mechi ilikuwa ya mchana, na konsati jioni yake. Muda ulikuwa mfupi, wanamuziki wamefika mapema, jukwaa linajengwa huku sisi bado tunalaza mbao. Mpiga ngoma wao alikuwa kijana mnene mwenye ndevu, anajaribu ngoma zake moja moja. Dum. Dum. Dum. Unaisikia tumboni. Mama Furaha aliingia chini ya viti vya upande wa magharibi na ndoo yake, nikamwona. Akatoka, nikamwona pia, akijipangusa mikono. Jambo ambalo hakuna aliyeliona ni kwamba alirudi. Ndoo aliisahau ndani.

Terry akavaa vikinga masikio vyake, kwa sababu ya ngoma. Akanituma mimi nikalete utepe wa kuzibia maungio ya mbao, stoo ya mbele. Nikiwa naondoka nikasikia nyuma yangu swali lilelile.

"Wote nje?"

Yaya Bahati akatazama huku na huku. Mama Furaha hayupo. Na saa ni yake ya simu.

"Wote nje, bosi."

Hata mimi ningejibu hivyo. Nilisikia jibu na nikaendelea na safari yangu nikipiga mluzi.

Stoo ilikuwa karibu na zile simu. Nikakata kona na mdomo wangu uko tayari kumtania, nimwambie asiimalize kadi kwa kumsema shemeji yake. Hakukuwa na mtu. Simu zote zilikuwa zimefungwa kwa utepe wa njano, zimeandikwa mbovu. Nikasimama. Nikajiambia yuko msalani. Nilitaka sana awe msalani. Lakini nyuma ya milango ile nikaanza kusikia, tii, tii, tii.

Sikumbuki nilivyokimbia. Nakumbuka mbao zilivyoteleza, maana barafu hutoa jasho kupitia maungio. Nilipiga kelele, na ngoma ikapiga juu ya kelele yangu. Nikamwona Terry ananipa mgongo, mkono uko kwenye ufunguo. Nikaona ngazi zinakwenda, polepole, kwa adabu, kama mtu anayefunga kabati la nguo zake. Mashine kubwa haina masikio. Nikaacha kupiga kelele, nikageuka kwenda ukutani, nikaushika ule mkono mwekundu na kuuning'inia kwa uzito wangu wote kama koti.

Tii ikanyamaza. Ngazi zikasimama nusu ya safari.

Terry alikuja amefura. "Koti! Wewe tena!"

"Mama Furaha yuko chini," nikamwambia.

Hakunisikia. Akavua kikinga sikio kimoja. Nikarudia. Yaya Bahati naye alikuwa amefika, anatabasamu kunituliza.

"Hapana, mudogo wangu. Mama iko kwa simu."

"Simu ni mbovu, Yaya. Zote. Zimefungwa na utepe."

Tabasamu lake sikuliona likitoka. Lilibaki pale pale usoni, lakini mwenyewe alikuwa hayumo tena.

Terry akapunga mikono juu ya kichwa kuelekea jukwaani, na mpiga ngoma akanyamaza. Wanangu, ukumbi ule ukinyamaza ghafla unasikia damu yako. Hakuna aliyetaka kuita. Tulielewana bila kusema: ukiita, na usipojibiwa, utakuwa umejua. Nikapiga magoti kwenye mlango mdogo. Sauti ilitoka nyembamba, siyo yangu.

"Mama Furaha?"

Pampu za Bwana Hasmukh tu, mbali, chini.

"Mama?"

Kitu kikakwaruza sakafu. Kisha sauti yake, ya chini sana, kama mtu anayezungumza na kichanga ili asimwamshe.

"Musiguse kitu."

Yaya Bahati akakaa chini palepale aliposimama.

Terry aliushika ufunguo. Alitaka kurudisha ngazi nyuma, kuzifungua, jambo ambalo mtu yeyote angelitaka. Nikamtafsiria mama. Akajibu, kwa vipandevipande, maana pumzi haikuwa na mahali pa kuingia: "Hapana. Kitenge changu kimeingia kwa gurudumu. Kimeshukia shingoni. Mukisukuma huku ao kule, kinanivuta."

Nilipomwambia Terry, aliuvua mkanda wa kile kisanduku shingoni mwake, akakiweka juu ya kiti cha mbali, akarudi nyuma mikono imeinuliwa. Ndiyo mara ya kwanza nilielewa kwamba na yeye huogopa.

Bwana Hasmukh alikuwa amepanda, alisikia ngoma imekatika akajua kuna neno. Hakuuliza. Alikwenda kwenye swichi ya ukutani, akaukamata mkono mwekundu kwa mikono yake miwili, akaegemeza na tumbo.

"Mimi nashika hapa. Hakuna mtu atagusa. Kijana, ingia."

Yaya Bahati kifua chake kisingepita. Mimi wakati ule nilikuwa mwembamba, msicheke. Terry akanipa kisu chake cha kukatia utepe. Nikalala kifudifudi, nikaingia.

Sitaki kuwatisha zaidi ya inavyotakiwa, lakini lazima niseme. Vyuma vilikuwa juu ya kisogo changu, ubavuni, mbele. Vilikuwa vimesimama, na mimi nilijua vimesimama, na bado mwili wangu wote ulisikia vinakuja. Nikapita ndoo. Ilikuwa imekunjwa kama karatasi. Nikaona miguu yake, kiatu kimoja kimetoka. Alikuwa amesimama kiubavu kati ya vyuma viwili, chuma cha mshazari kimekaa juu ya kifua, kichwa kimeinamishwa na kitenge kilichokazwa kama kamba.

"Ni nani?"

"Ni mimi, mama. Amani."

"Amani. Ni wewe unalia?"

"Hapana, mama."

"Basi nani analia humu?"

"Ni mimi, mama."

"Aya. Lia polepole. Unatikisa chuma."

Nikapapasa mpaka nikaipata sehemu iliyokaza, kati ya gurudumu na shingo. Nikaweka kisu.

"Usikate katikati," akasema. "Kata pembeni. Hiki dada yangu alinitumia."

"Nitakununulia kingine."

"Kingine! Wapi? Pale sokoni Walthamstow? Vile vinachuja rangi ukivitazama tu?"

Nikakata katikati. Alinitukana, na lile tusi lilikuwa na pumzi nyingi kuliko maneno yote aliyosema kabla, nikajua atapona.

Sasa ilibaki kuzifungua ngazi, lakini Bwana Hasmukh alikataa mota kabisa. Mota haijui kwenda kidole kimoja ikasimama. Wakazitenganisha ngazi na mota, wakashika kwa mikono, kama zamani: wafagiaji, wajenga jukwaa, Terry, na yule mpiga ngoma mwenye ndevu. Mimi nilibaki ndani, nimempa mama bega langu aegemee chuma kikimwachia. Nikawasikia nje wanavuta, mmoja sasa, mwingine baadaye, chuma kinalia lakini hakiendi. Kisha Yaya Bahati, ambaye kanisani hufungua mdomo tu ili aonekane anaimba, akauanza ule wimbo wetu. Aliuanza vibaya, juu mno. Wengine wakaudaka. Wale Waingereza wakavutia kwenye mdundo bila kujua maneno. Chuma kikasogea upana wa kiganja, na Mama Furaha akanidondokea.

Mbavu zake ziliumia, alikaa hospitali siku kadhaa. Konsati jioni ile ilifanyika. Nilisimama ukutani nimeshika mkono wa swichi mpaka watu wa mwisho walipoondoka, na hakuna aliyeniambia niache.

Yaya Bahati hakulala wiki ile. Tulikwenda pamoja kumwona mama, akapiga magoti kando ya kitanda, mtu mzima vile, akasema, "Mama, ni ulimi wangu ulikufungia mule."

Mama Furaha akamtazama. "Mara ngapi umenijibia nikiwa kwa simu?"

"Nyingi, mama."

"Na nikakuambia aksanti?"

"Kila mara."

"Ndiyo vile. Basi inuka, sakafu ya hapa ni ya baridi. Lakini usinijibie tena. Hata nikiwa bafuni. Uniache niadhibiwe."

Hilo ndilo neno langu kwenu, vijana, na sina lingine kubwa. Mwenzenu akichelewa, mfichieni kikombe cha chai, mfagilieni sehemu yake, mpigieni simu aamke. Lakini mahali penye mashine, usiseme mtu yuko salama kama macho yako hayajamwona. Hata kama unampenda. Hasa kama unampenda.

Tukabadilisha. Yaya Bahati ndiye aliyemwendea Terry: kuanzia sasa kila mtu atajibu kwa mdomo wake, na kabla hajajibu ufunguo haugeuki. Terry alikubali kabla Yaya hajamaliza kusema. Sisi wengine tuliogopa. Maana yake ni kwamba asiyekuwepo ataonekana hayupo. Jumamosi ya kwanza wawili walikosekana, na tulisimama kwenye mbao vichwa chini kama watu wanaongoja hukumu. Terry alipiga miayo, akawangoja. Walipofika mbio, aliwauliza tu: "Nje?" Wakasema nje. Na wiki iliyofuata majina yao yalikuwepo.

Kisha Mama Furaha akarudi. Walimpa kazi ya kupanga vikombe kule mbele, akaifanya, lakini siku moja ya konsati akaja mwenyewe akasimama nasi kwenye mstari, kichwani kitenge kipya ambacho kweli kilikuwa cha sokoni. Hakuingia chini ya viti. Alifagia kandokando. Ukafika wakati wa swali. Tukajibu mmoja mmoja. Mimi nikasema. Yaya Bahati akasema. Ikafika zamu yake.

Alikuwa amesimama hapa, mbele yetu, Terry anamwona, sisi tunamwona. Akafungua mdomo na hakikutoka kitu. Macho yake yalikuwa kwenye ule mlango mdogo. Wenye muziki walikuwa wanangoja na masanduku yao, mmoja akaangalia saa, mwingine akauliza tatizo ni nini. Nilimtazama Yaya Bahati. Neno lilikuwa mdomoni mwake, ningeweza kuliona likigonga meno. Alilimeza. Mimi langu nililimeza. Hakuna aliyemjibia. Tulisimama naye tu, baridi inatupanda kutoka kwenye mbao, tukangoja, na Terry mkono wake uko mbali na ufunguo.

Akavuta pumzi moja mpaka mwisho wa mbavu zake.

"Niko hapa, Terry," akasema. "Niko inje. Funga sasa viti vyako."